Siku Sarafu Iliponikataza Kumsalimia Mzee Bukuru

Naanza na aibu yenyewe ili msije mkasema nimeificha: mimi Eliya, mtoto wa Kiha, niliyezaliwa Kasulu na kufundishwa kupiga makofi ya salamu kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nilimwambia mzee wa watu "niaje" huku mkono mmoja uko mfukoni, na nilifanya hivyo kwa sababu sarafu ya mia tano iliniambia nifanye. Mzee mwenyewe alikuwa amepanda basi Kibondo alfajiri, amekuja kwetu kumposea mwanawe dada yangu. (Sikujua. Hilo "sikujua" nimelitumia mara nyingi tangu siku ile na halijanisaidia hata mara moja.)

Kwa asiyetujua, salamu ya Kiha si neno, ni shughuli. Unapunguza mwendo, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye, unaulizwa amahoro, yaani ni amani, unajibu amahoro, halafu ndipo mnaanza kupita nyumba kwa nyumba: wa nyumbani amahoro, watoto amahoro, ng'ombe je, maharage je, yule jirani aliyekuwa mgonjwa je. Mama yangu ameshaunguza uji kwa kumsalimia mtu mlangoni, na uji unanuka mpaka kwa jirani wao bado wako kwenye ng'ombe.

Sasa, chanzo cha yote ni dada yangu Adela, mwanachuo wa ualimu anayesoma saikolojia, ambaye alirudi likizo na daftari kubwa la mbinu za utafiti akaliacha juu ya meza, na mimi kitu kikiachwa juu ya meza huwa nakihesabu ni changu. Nikakuta mle mambo matamu kuliko hadithi: kwamba unaweza kuwajua watu wana tabia gani bila kuwauliza, kwa kuwatendea kitu kidogo na kuona watafanya nini. Nikamfuata jikoni anachambua mchele, nikamwambia nataka kufanya jaribio kwa ajili ya klabu yetu ya sayansi (niko kidato cha tatu, na klabu yetu mwaka uliopita ilionyesha volkano ya magadi na siki, na mwaka wa kabla ya huo, volkano ya magadi na siki).

"Jaribio la nini?" akauliza.

"La salamu. Nataka nijue kama mtu akisalimiwa vizuri anakuwa na moyo wa kusaidia kuliko aliyesalimiwa ovyo."

Akaacha mchele. Nawaambia, dada yangu alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akiongea. Akanieleza vizuri kabisa, mpaka akachora kwa kidole kwenye ungo: uwe na makundi mawili, moja wasalimiwe kamili, jingine kwa mkato, kila kitu kingine kiwe sawasawa, mahali pale pale, nguo zile zile, mzigo ule ule, na anayeandika matokeo asijue nani amesalimiwa vipi, maana akijua ataona anachotaka kukiona.

"Na wewe usichague nani aingie kundi gani," akasema. "Rusha sarafu."

"Hata akiwa mzee sana?"

"Hata akiwa nani. Ukianza kuchagua watu kwa sura, unapima upendeleo wako, hupimi salamu. Sarafu ikianguka, umeshaambiwa."

Kumbukeni maneno hayo. Ni ya kwake, si yangu.

Nikaanza na jaribio dogo la nyumbani, kwa mama. Kila asubuhi kwa wiki mbili nilirusha mia tano nikiwa bado kitandani: ikianguka kichwa, namsalimia mama kamili na makofi juu; ikianguka nyati, ule upande wa pili, napita nasema "mambo mama" kama nampita kondakta. Kipimo kilikuwa viazi vitamu vya chai, nahesabu ameniwekea vingapi. Matokeo yakaja ya ajabu, maana asubuhi za nyati ndizo nilizopata viazi vingi zaidi, kiazi kimoja zaidi kila mara, kwa hiyo nikaamua kwamba mama ni kipimo kibovu, mama wote ni vipimo vibovu kwa kuwa wanapenda bila utaratibu, nikamfuta kwenye hesabu nikaingia mtaani.

Mtaani kazi ilikuwa hivi. Nasimama kwenye mteremko wa kutoka stendi na mfuko wa maparachichi. Mtu mzima akionekana kwa mbali narusha sarafu. Akinikaribia namsalimia kwa jinsi sarafu ilivyosema, halafu hatua mbili mbele naangusha maparachichi kwa bahati mbaya (bahati mbaya niliyoifanyia mazoezi uani), na ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mkaa cha kwao, rafiki yangu Sadoki yuko na daftari anaandika kitu kimoja tu: kaokota au hakuokota. Kibanda kiko mbali, salamu hazisikiki, na nilimfundisha atazame maparachichi tu asinitazame mimi. Dada Adela mwenyewe angelia kwa furaha.

Nilitaka watu ishirini. Mpaka Jumamosi ile nilikuwa nimebakiza wawili.

Na Jumamosi ile ndiyo siku ya ugeni. Nyumba nzima ilikuwa imefagiliwa mpaka nyuma ya choo. Baba wa yule mchumba wa dada, Mzee Bukuru, alikuwa anakuja kutoka Kibondo kuzungumza na baba, na mama alikuwa amesema tangu Jumatatu kwamba watu wa Kibondo hawaangalii nyumba ina bati gani, wanaangalia watoto wa nyumba hiyo wana adabu gani, maana ndiyo inayowaonyesha mwali amelelewaje. Dada Adela, ambaye akiwa na daftari lake haogopi mtu, siku ile alikuwa amevunja kikombe na sahani na bado ilikuwa asubuhi. Anampenda yule kijana wake. Nilimwona ananyoosha kitenge kimoja mara tatu, nikamwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma asubuhi.

Mama akanituma sokoni nilete maparachichi ya wageni. "Wageni wanafika saa nane," akasema. "Nenda, rudi."

Mfuko wa maparachichi. Mteremko wa stendi uko njiani. Watu wawili tu. Ninyi mngefanyaje?

Saa nne Sadoki yuko kibandani kwao, mimi niko kwenye nafasi yangu, vumbi jekundu limetulia vizuri, na kwa mbali naona mzee anateremka kutoka stendi, mrefu, koti la kijivu, kofia ya pama, fimbo anaibeba badala ya kuiegemea. Nikarusha. Nyati.

Nitawaambia ukweli, moyo ulisita. Yule alikuwa mzee wa kusalimiwa mpaka ulimi ukauke. Lakini sauti ya dada ikanijia, hata akiwa nani, sarafu ikianguka umeshaambiwa, nikatia mkono mfukoni nikasema, "Niaje mzee."

Akasimama. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka sweta langu la shule la kijani, taratibu, kama mtu anayesoma barua yenye habari ya msiba. Mimi nikapiga hatua mbili, nikaangusha maparachichi.

Na yule mzee akainama. Akaweka fimbo chini, akakunja koti lisiguse vumbi, akaokota parachichi moja moja, yote, hata lile lililobingirika mpaka mtaroni na kupasuka ubavuni, akalifuta kwa leso yake mwenyewe ndipo akanipa. Kisha akachukua fimbo akaenda zake. Afadhali angenipiga.

Nimebaki pale nimeshika lile parachichi lililopasuka, najiambia ni sayansi, ni sayansi, na ninapogeuka kutazama stendi namwona yule yule mzee anateremka tena. Koti la kijivu. Kofia ya pama. Fimbo. Nikadhani amezunguka kupitia njia ya nyuma kuja kuniadhibu. Nikarusha sarafu, na sarafu, jamani, ikaanguka kichwa, nikasema Mungu ni wa watu wote hata wanasayansi.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikapiga makofi, mwakeye, amahoro, wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mbuzi, maharage, nikaongeza hata nyuki. Mzee akajibu yote kwa raha, uso umefunguka. Nikamalizia, "Na unisamehe mzee wangu kwa ile ya kwanza, si malezi ya nyumbani kwetu."

"Ya kwanza ipi, kijana?" akauliza.

Nikaona ni ukubwa wa moyo, ameshasamehe mpaka amesahau. Nikaangusha maparachichi (ndiyo, niliangusha tena, kazi ni kazi). Akayatazama yanavyobingirika, akashika kiuno, akasema, "Pole mwanangu, mgongo wangu hauniruhusu," akapita.

Sadoki aliniletea daftari akiwa ameandika hivi, na bado ninalo: *Mzee wa kofia, kaokota. Mzee wa kofia tena, hakuokota. Amebadilika tabia.*

Sasa niwaambie ujinga ambao ni wa Muha peke yake. Wiki nzima nilikuwa nasikia jina Bukuru, Bukuru. Na kwetu Bukuru si jina la kubuni, anapewa pacha aliyetangulia kutoka, na anayemfuata anaitwa Butoyi. Muha yeyote mwenye akili akisikia Bukuru anajua kwamba mahali fulani yupo Butoyi anakula na kunywa kama watu wengine. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye daftari.

Nilipofika nyumbani nikakuta viatu viwili vikubwa vya wanaume mlangoni, na viatu vingine viwili vikubwa vya wanaume, vimefanana. Mama akaninyang'anya mfuko. "Wamepata basi la mapema," akanong'ona. "Huyo mwingine alichelewa kidogo stendi anapigisha viatu rangi. Nawa nje hapo, usichafue."

Nikasimama nyuma ya pazia la sebule, nikachungulia. Wamekaa kwenye kochi, bega kwa bega, koti la kijivu na koti la kijivu, kofia mbili za pama magotini.

Na walikuwa wanabishana.

"Mimi nasema nilichokiona," alisema mmoja, na sasa nilijua huyo ndiye Mzee Bukuru. "Watoto wa mji huu wamekwisha. Nimekutana na mmoja hapo juu ananiambia niaje. Mimi. Na nimeinama nikamwokotea mizigo yake, hakuna hata asante."

"Bukuru, wewe umri unakusumbua," alisema mwingine. "Mimi hapo hapo nimekutana na kijana kapiga magoti kwenye vumbi, kaniulizia mpaka nyuki. Kaniomba msamaha kwa kosa ambalo hata hakulifanya. Huo ndio mji."

"Mji gani? Mimi nataka mke wa kumlelea mwanangu Yusto watoto. Wajukuu wangu wasije wakaniita niaje na mimi niko kitandani nakufa."

Hapo nikasikia kitu nyuma yangu, nikageuka, ni Dada Adela amesimama na sahani mikononi, amesikia. Hakuwa ameelewa bado. Alikuwa anaogopa tu, na macho yake yalikuwa yameanza kujaa.

Na baba yangu (nampenda, lakini hajui kunyamaza panapofaa) akacheka akasema, "Mzee mwenzangu, huyo uliyekutana naye ni mtoto wa hao wanaokaa kule chini, hawafunzwi. Ngoja umwone wangu. Wangu akisalimia, utadhani ni mzee."

Mama wakati huo, hajui lolote, akapita na sinia la maparachichi akaliweka mezani. Mzee Bukuru alinyoosha mkono akachukua moja, lile lililopasuka ubavuni, akaligeuza.

"Hili," alisema polepole, "nimeliokota mimi. Mtaroni."

"Eliya," aliita baba, bado anatabasamu kwa nusu ya mdomo. "Njoo uwanawishe wageni."

Nilivua sweta la kijani, nikalitupa nyuma ya mlango, nikalowesha nywele maji nikazilaza upande (sijui nilidhani nitafanana na nani), nikachukua beseni na jagi nikaingia nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa maji.

"Ndiye," alisema Butoyi kwa furaha. "Kijana mwema ndiye huyu."

"Ndiye," alisema Bukuru. "Mhuni ndiye huyu."

Wakatazamana. Halafu wote wawili wakamtazama baba, kama amewauzia ng'ombe mmoja mara mbili. Baba tabasamu lilimtoka, likaenda, sijui lilirudi lini.

Pazia likafunguka. Dada Adela akaingia, na mwali kwetu haingii kabla hajaitwa, mama alishika mdomo. Hakumtazama mtu mwingine, alinitazama mimi.

"Eliya," alisema kwa sauti ndogo. "Wa kwanza iliangukia wapi?"

"Nyati."

"Na wa pili?"

"Kichwa."

Akakaa chini pale pale kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika, nikasema basi, nimemuua dada yangu, ndoa imekufa kwa mia tano. Alipofunua uso alikuwa na machozi kweli, lakini nusu ya machozi yale yalikuwa kicheko, anajizuia hawezi.

"Wazee wangu," alisema, "kosa hili ni la kwangu. Yeye ni mkono tu. Mimi ndiye niliyemwambia asichague mtu. Kama ni malezi mabaya mnayatafuta, mlezi ni mimi." Kisha akanigeukia. "Ukurasa wa mwisho wa daftari ulisema nini?"

"Sijausoma."

"Kwa nini?"

"Nilifungia karanga."

"Ulisema ukishamdanganya mtu kwa ajili ya jaribio, unamrudia unamweleza yote, na unamwomba radhi. Haya. Wameshakurudia wenyewe, umepunguziwa safari."

Basi nikaweka beseni chini nikaeleza. Sarafu, makundi mawili, Sadoki na mkaa, kila kitu, mbele ya baba aliyekuwa anatazama dari kama kuna kitu kimeandikwa huko. Mzee Bukuru alikuwa bado ameshika lile parachichi.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "nilinyimwa salamu."

"Ndiyo babu."

"Na nikaokota."

"Yote, babu."

"Na huyu aliyepigiwa magoti, akaulizwa nyuki?"

Nikamtazama Mzee Butoyi, nikaona huruma, lakini matokeo ni matokeo. "Alisema mgongo."

Mzee Bukuru akamgeukia ndugu yake, akamtazama kwa muda mrefu. "Umetoka tumboni nyuma yangu," alisema, "na mgongo unakuuma kabla yangu. Tangu tukiwa watoto mama alikuwa anasema wewe ndiye mwenye moyo. Leo kijana wa shule amepima."

"Amepima mara moja," alisema Butoyi. "Akapime tena nikiwa nimelala vizuri."

Bukuru ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kinachopanda kama trekta linalowashwa, akafuata Butoyi, akafuata baba (kwa kuchelewa, akiwa anahakikisha kwanza kama inaruhusiwa). Alipotulia, Mzee Bukuru alimtazama Dada Adela pale mkekani.

"Mwanamke anayeficha kosa la ndugu yake simtaki nyumbani kwangu," alisema. "Anayelibeba mbele ya watu, namtaka. Tuendelee na tulichokuja kukizungumza. Lakini kwanza huyu ana deni langu la salamu."

Nikapiga magoti. Mzee Bukuru hakuniacha kwenye ng'ombe kwa ujumla, aliwataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, nami nikamwulizia kila mmoja hali yake, na ndama wake, na malisho yake, mpaka miguu ikafa ganzi na maji ya kunawa yakapoa. Kila nilipodhani tumefika mwisho, Butoyi alimkumbusha: "Yule mwekundu wa Kakonko je?"

Klabu ya sayansi mwaka huu itaonyesha volkano. Mimi nimeapa: sitamjaribu mtu tena bila kusoma ukurasa wa mwisho, sitaiachia sarafu kazi ya macho yangu, na nikisikia jina Bukuru mahali popote duniani nitauliza kwanza Butoyi yuko wapi.

Wageni walipoondoka, dada amewasindikiza mpaka barabarani anatembea kama hakanyagi chini, nilimkuta mama jikoni anaosha masufuria. Sikurusha kitu. Niliinama nikapiga makofi nikamsalimia kamili, jioni ile, kama mgeni. Aliitikia yote, hakuruka hata moja, kisha akanipa sufuria nisugue, na hakugeuka aliposema:

"Zile asubuhi ulizokuwa unanipita kama mti, unadhani sikukuona? Kila ukinipita nilikuongezea kiazi, nione aibu itakushika siku ya ngapi. Bado nahesabu."